Odhis Alipanda Helikopta Aliyoilalamikia

Siamini bado. Jana nilipiga tena simu ya Odhis, mimi na kichwa changu kigumu, nikangoja ashike.

Kwa wasiomjua: Odhiambo alikuwa fundi wa helikopta za jeshi, na rafiki yangu tangu tukiwa watoto Otonglo. Wiki iliyopita helikopta waliyokuwa wakiijaribu ilianguka ziwani. Hakuna aliyetoka.

Alikuwa mtu wa kusikiliza vyuma. Nikimpa lifti anazima redio yangu, kisha ananiambia, "Atis, beringi ya gurudumu la kushoto inalia." Aliniudhi sana, na mara nyingi alikuwa sahihi.

Mwaka huu akaanza kunyamaza. Siku moja tukila samaki pale ufuoni akaniambia beringi mpya walizoletewa za rotor, yale mapanga ya juu, zina shida. "Zinashika moto vibaya. Nimeandika ripoti, boss anasema nachelewesha kazi." Aliacha nusu ya samaki, yeye ambaye hula hadi macho.

Nikamwambia apeleke malalamiko kwa kamati ya serikali inayosimamia vifaa vya jeshi. Akapeleka. Wakaja kambini na wapiga picha wao.

Sasa sikilizeni. Kwenye karakana yao kuna desturi: fundi aliyefunga kipuri lazima apande siku ya test flight, helikopta ikijaribiwa angani. Mheshimiwa mmoja wa kamati akamuuliza, "Na wewe mwenyewe utapanda?"

"Nitapanda, Mheshimiwa. Ndiyo kazi."

Basi. Wakasema kama fundi mwenyewe anapanda, wasiwasi ni wa nini? Wakala chakula cha mchana, wakaondoka. Nina hasira hata nikiandika haya.

Nilimsihi akatae, tukiwa kwenye gari langu. Akasema, "Nikikataa watapandisha mtu mwingine. Mimi nitalala aje?"

"Na mama yako je?"

Akazima redio yangu.

Kwenye matanga wakubwa wake walihutubia vizuri sana, na hakuna aliyetaja beringi. Mabaki ya helikopta yalishabebwa, hatujui wapi. Ouma, fundi mwenzake, alinivuta kando ya hema.

"Ile helikopta ingine iko na beringi za boksi hiyo hiyo," akasema. "Mimi ndio nilifunga. Na kamati ilishasema iko sawa."

Odhis ndugu yangu, mama yako yuko kwangu, usiwe na wasiwasi naye. Ulisema mapema, ukasema wazi, na walikusikia.

Lala salama. Ouma anapanda kesho asubuhi.