Waya ya Hendibreki

Miaka dhahabu ilipopamba moto nilikuwa na banda langu la umeme wa magari mjini Tarime, nyuma ya stendi. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa taa za malori na betri za matrekta. Halafu walimu wakaacha chaki, wachungaji wakaacha ng'ombe, wote wakaenda Nyamongo kuchimba, na wachache waliofanikiwa wakarudi na magari. Hawakuja kwangu kutengeneza kitu kilichoharibika. Walikuja kuongeza: spika, taa za buluu, honi ya kushtua watu.

Mmoja wao nilikaa naye dawati moja shule ya msingi, kule Itiryo. Kwetu kulikuwa mbali na shule, kwa hiyo mchana nilikula kwao. Mama yake alikuwa mjane mwenye shamba la ulezi, na alinipakulia kama alivyompakulia mwanawe, bila kuniuliza nimetoka wapi. Nalisema hili mapema ili ijulikane nilikuwa nani katika nyumba ile.

Duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia, lilitema dhahabu msimu mmoja tu, lakini lilitema vizuri. Akanunua pikapu ya milango minne, ya gia za mkono, yenye ufunguo wa kubonyeza wa kiwandani: bonyeza, milango inafunga, bonyeza, inafungua. Haikumtosha. Alikuwa amekwenda Kenya akaona gari linajiwasha lenyewe, mwenye gari amesimama mbali anakunywa chai. Alirudi kupitia Sirari na kiboksi kilichofungwa kwenye gazeti, akakiweka mezani kwangu, akasema anataka ufunguo uleule wa kiwandani ufanye kazi hiyo. Akibonyeza kufunga mara tatu, injini iwake.

Sikuwa nimewahi kuifanya kazi ya namna hiyo, na hilo ndilo lililonifurahisha. Nilishinda siku mbili chali chini ya usukani na taa ya kupimia. Niliitafuta waya inayopeleka amri ya kufunga milango, nikaiunga na kiboksi ili kihesabu mibonyezo. Ufunguo wa pili wenye chipu niliuficha nyuma ya dashibodi, maana bila kuuhisi gari lisingekubali kuwaka. Ikabaki klachi. Gari lile kiwandani liliumbwa likatae kuwaka mpaka dereva akanyage klachi, na rimoti haina mguu. Nikaziunga waya mbili za klachi pamoja, gari likawa linaamini kwamba klachi imekanyagwa wakati wote.

Hapo ndipo pana hatari, na niliijua. Gari la namna hiyo likiachwa kwenye gia na mtu akabonyeza, linaruka. Kwa hiyo niliongeza waya moja nyembamba kutoka kwenye hendibreki. Kama hendibreki haijavutwa, kiboksi hakiwashi. Nilimweleza: egesha ikiwa fri, yaani gia imetolewa, vuta hendibreki, ndipo uiache. Aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa, huku anabonyeza na kucheka.

Baada ya wiki mbili akarudi amekasirika. Matope ya Itiryo yalikuwa yameingia kwenye kebo ya hendibreki, ikawa haivutiki. Mlimani kwao alikuwa anaegesha kwenye gia na jiwe chini ya tairi, na rimoti inagoma mbele za watu. Alitaka waya ile itolewe. Nikamwambia tutengeneze hendibreki kwanza. Akasema atatengeneza baadaye, sasa ana wageni. Nikamweleza tena habari ya gia. Akanijibu kwamba yeye si mtoto, na kwamba Migori, ng'ambo ya mpaka, kuna mafundi wanaoimaliza kazi hiyo kwa dakika tano bila kumhubiria.

Ningeweza kumwacha aende Migori. Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka mingi, na kila mara nafika palepale: sikutaka fundi mwingine aguse kazi yangu na kujisifu nayo. Nikachukua plaizi, nikakata waya ile, ncha ya upande wa kiboksi nikaifunga kwenye bodi ya gari ili kiboksi kidhani hendibreki imevutwa daima. Nikazungushia tepu nyeusi. Hata soda aliyoniagizia haikuwa imeisha.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, walifika ndugu zao wa upande wa Kenya. Pikapu ilikuwa imeegeshwa uani, kwenye gia. Mama yake alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya gari, kwenye kivuli cha boneti, anachambua ulezi kwenye ungo. Mwanawe alisimama mlangoni na wageni, hakumwona kule chini. Akabonyeza mara tatu. Gari likaruka, likawaka, likaenda naye mpaka kwenye ukuta wa ghala.

Hospitali walimkata mama mguu juu ya goti. Nilikwenda hospitali siku ya tatu, nimepanga maneno yangu yote njiani. Mwanawe alikuwa ametoka nje. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, mwanangu, kwa sauti ileile ya zamani. Nikaanza kueleza. Nikamwambia habari ya hendibreki, ya matope, na kwamba nilimkanya mwanawe mara mbili lakini yeye ndiye aliyetaka waya itoke.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole, "Mwanangu hajui magari. Aliomba. Wewe ulijua, ukakata."

Aliomba nimsogezee maji, nikamsogezea.

Rafiki yangu aliwaambia watu wote kwamba waya zilishika zenyewe, kwamba fundi aliharibu. Sikumjibu mtu. Ili nimjibu ingenibidi niseme habari yote, na nusu ya habari hiyo ilikuwa mkononi mwangu. Nilidhani banda litakufa. Badala yake, ndani ya mwezi mmoja walikuja wanaume watatu, mmoja kutoka mbali Machochwe, kila mmoja akiulizia lile gari linalojiwasha. Walikuwa wameisikia ajali, na walichokumbuka katika habari ile ni rimoti. Niliwakatalia. Mmoja akanicheka, akaniuliza kama nimeokoka.

Mama aliishi miaka minne na magongo. Sikurudi kumwona. Nilijiambia kwamba mwanawe hataki, lakini hakuna aliyenizuia. Alipofariki nilipanda Itiryo kuzika. Duara lilikuwa limekauka zamani, pikapu imeuzwa, na rafiki yangu alikuwa amevaa koti lililompwaya. Hakuna aliyenifukuza. Nilipewa nafasi kwenye benchi, na nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa kando yake.

"Mura," aliniita, yaani kijana kwa Kikurya, kama tulivyoitana tangu ujana, "huko mjini mvua imenyesha?"

Nikamwambia imenyesha kidogo. Akasema huku bado. Tukakaa hivyo mpaka walipotuita kwenda kubeba jeneza, yeye akashika mbele, mimi nikashika nyuma.