Fundi Abdulazizi na Bastola Zilizofupika

Jumatano, tarehe 8 Julai 1998. Baridi kali tangu alfajiri, anga jeupe bila wingu, na upepo wa mashariki ukisomba vumbi pamoja na makapi ya alizeti katika mitaa yote ya Singida mjini.

Kwa fundi wa ngozi, upepo wa namna hiyo ni neema. Ngozi iliyoloweshwa asubuhi hukauka kabla jua halijageuka, tena hukauka ikiwa imeshika umbo ililopewa. Abdulazizi Mohamedi alilijua hilo tangu ujana wake, kwa hiyo alipofungua mlango wa karakana yake nyuma ya soko, alifungua na dirisha.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Baba yake alikuwa Mmanyema wa Ujiji aliyefuata biashara ya ngozi mpaka Singida, akaoa Mnyaturu na hakurudi tena. Mtoto alirithi kisu cha nusu mwezi na mkono uliotulia. Zamani alishona viatu vya wakubwa na wadogo. Biashara ilipofunguliwa na viatu vya mitumba vikaanza kuingia kwa marobota, wateja wa viatu walimwacha mmoja mmoja bila hata kuaga. Zikabaki hatamu za punda, mikanda, na kazi moja ambayo mkoa mzima haukuwa na mtu wa kumpita: ala za bastola, yaani mifuko ya ngozi ya kuvalia silaha kiunoni.

Wenye bastola walikuwa wachache, na polisi waliwajua kwa majina. Walikuwa wanunuzi wa mazao na mifugo wenye kibali, watu wa safari ndefu kwenye barabara za vichaka. Kila mmoja alitaka jambo lile lile: awe nayo, na asiye mwenyewe asijue.

Kwenye rafu juu ya meza, Abdulazizi alipanga kalibu zake za mninga, vipande vya mti alivyovichonga kwa umbo la kila bastola iliyowahi kulala mezani pake. Ngozi iliyolowa maji ndiyo aliyoikandamiza juu ya kalibu hizo. Ya kwanza, ya mwaka 1973, ilikuwa rivolva ya mnunuzi wa ng'ombe wa Kintinku, inchi tisa kamili, na tumbo lake nene la risasi lilifichika chini ya kaunda suti tu. Ya 1981 ilikuwa bapa, inchi saba na robo tatu. Ya 1988, inchi sita na nusu. Ya 1993 ilikuwa inchi nne na nusu, wakaiita kiberiti. Mwenye nayo aliitia mfuko wa shati, ila risasi zake zilikuwa ndogo mno, akaishia kulalamika kwamba kazi yake ni kumkasirisha jambazi. Vipimo vyote viliandikwa kwa penseli ubavuni mwa kalibu. Kwa jinsi Abdulazizi alivyoona, bastola zilifupika na kukonda kadiri nguo za watu zilivyokuwa nyepesi: kaunda suti ikapita, likaja koti, koti likapita, likabaki shati.

Saa tatu akaingia Jayantilal, mnunuzi wa alizeti mwenye mashine ya kukamua mafuta, pamoja na mwanawe Bhargav aliyerudi kutoka masomoni mwaka ule.

"Habari za asubuhi, fundi."

"Njema, mzee. Karibuni. Fungeni mlango, upepo usininyang'anye karatasi."

"Nimebadilisha," alisema Jayantilal. "Ile yangu ya zamani, ya inchi saba, nimeikabidhi polisi na kibali kimeandikwa upya. Sasa nina hii. Fupi, lakini inatumia risasi zile zile kubwa."

Akageukia ukutani, akatoa magazini ya risasi, akavuta chuma cha juu, akamwonyesha fundi kwamba ndani hamna kitu. Kisha akailaza ubavu juu ya karatasi ya kaki. Ilikuwa sheria ya Abdulazizi, na hakuna aliyemwekea: silaha ya mtu haigusi. Mwenyewe huilaza, mwenyewe huishika, na fundi huizungusha penseli pembeni mwake mpaka mchoro wake ubaki kwenye karatasi.

"Inchi sita na robo," alisema Abdulazizi. "Na mpini umekatwa. Kidole cha mwisho hakina pa kukaa."

"Urefu si tatizo. Tatizo ni mizani." Jayantilal akainama, mikono magotini, kama anayesoma kilo za gunia. "Nikiinama hivi, mpini unachomoza nyuma ya shati kama kiwiko. Mama Bhargav ananiambia Iguguno nzima inajua ninayo, na inajua iko upande gani. Sasa ya kuficha inanisaidia nini?"

"Baba, nimeshasema," alidakia Bhargav. "Dar ziko za nailoni. Saizi moja inaingia bastola zote."

"Kinachoingia vyote kinaitwa gunia," alisema fundi bila kuinua kichwa.

Jayantilal alicheka. Bhargav hakucheka.

"Ijumaa naanza kununua alizeti kule Iguguno," alisema Jayantilal. "Kesho asubuhi nitakuja kuijaribu. Ikinifaa, sawa. Isiponifaa, huyu atapiga simu Dar, yaishe. Na nikwambie ukweli, fundi, wale wenzangu wanne wenye vibali wananisubiri mimi. Nitakakokwenda ndiko watakakokwenda."

Walipotoka, Abdulazizi aliitazama rafu yake. Wale wanne wote walivaa kazi ya mikono yake. Wakienda kwenye nailoni, yeye atakuwa fundi wa hatamu za punda, na neno hilo peke yake lilimwuma kuliko njaa.

Alifanya kazi siku nzima bila kula mchana. Alichonga kalibu mpya kwa kufuata mchoro, akalowesha ngozi ya ng'ombe, akaivisha kalibu ingali laini, akaikandamiza kwa kipande cha pembe mpaka kila kona ikaonekana, akaitundika dirishani. Jua la jioni lilipofika ukutani, ilikuwa imekauka kama ubao. Akaishona kwa sindano mbili na kuipaka nta ya nyuki wa Mgori, maana mafuta hulegeza ngozi na yeye alitaka isimame. Ilikuwa nzuri kuitazama.

Alhamisi asubuhi Jayantilal aliitazama, akatikisa kichwa kwa kupendezwa, akachukua bastola yake na kuiingiza. Ilizama nusu kidole, ikagoma. Akaisukuma. Ikagoma.

"Fundi," alisema Bhargav, "hii ni ala ya biskuti?"

Abdulazizi alihisi masikio yanawaka. "Mzee, igeuze. Nionyeshe mgongo wake."

Jayantilal akaigeuza, na kosa likaonekana wazi. Magazini yake ilipanga risasi mistari miwili, si mmoja. Ilikuwa fupi, lakini nene. Mchoro wa karatasi humpa mtu urefu na kimo, basi. Unene, Abdulazizi alikuwa ameuchonga kwa mazoea, inchi moja kasoro kidogo, kwa sababu bastola zote bapa zilizopita mezani pake kwa miaka kumi na saba zilikuwa hivyo, na yeye aliamini kila inayokuja ni nyembamba kuliko iliyotangulia.

"Kosa ni langu," alisema. "Nilikuwa na jibu kabla sijapima."

"Basi tumemaliza," alisema Bhargav. "Nakwenda posta kupiga simu."

"Ngoja." Abdulazizi hakumtazama kijana, alimtazama baba. "Mzee, leo saa kumi utakuwa wapi?"

"Ghalani. Kuna magunia ya kupima."

"Nitakuletea huko. Uivae na uinamie mizani mbele ya watu. Isipofaa, mimi mwenyewe nitamsindikiza Bhargav posta."

"Mke wangu Lalita atakuwepo," alisema Jayantilal, "na huyo hana huruma. Saa kumi."

Kabla hawajaondoka, Abdulazizi aliomba bastola isimamishwe mezani, akaweka vibao viwili, kimoja kila upande, akapima nafasi iliyo katikati. Inchi moja na robo. Akaandika kwa tarakimu kubwa.

Muda wa kuchonga kalibu nyingine haukuwepo. Alikata vipande vyembamba vya ngozi kavu, akavigandisha kwa gundi ubavuni mwa kalibu ile ile, kulia na kushoto, mpaka unene ukatimia. Lakini hilo lilikuwa jibu la nusu tu. Ala sasa ingekuwa nene zaidi, na Jayantilal bado angeinama.

Akaichomeka kalibu kiunoni mwake, akavuka ua mpaka nyumbani, akasimama mbele ya mkewe Saada aliyekuwa akichambua mchele. Akainama.

"Baba Hanifa, umeangusha nini?"

"Sijaangusha kitu. Nisome kama mizani. Unaona nini nyuma?"

"Naona mtu mzima anajisumbua." Akasogeza ungo. "Kuna kitu kimechomoza. Kinatazama juu."

Akainamisha kalibu kidogo, kichwa cha mpini kikaelekea mbele. Akainama tena.

"Na sasa?"

"Kimepungua. Ongeza."

Akaongeza. Saada aliweka ungo chini kabisa, akaja, akalivuta shati la mumewe likanyooka. "Hapo. Hapo kimelala na mbavu zako. Lakini ukingoni mwake kuna ngazi, shati linadondoka ghafla pale. Kama mtu ameficha sahani."

Ngazi! Hilo ndilo alilokosa. Alirudi karakana karibu anakimbia. Alikata kipande cha mgongo wa ala kipana kuliko kawaida yake, chenye mbawa mbili, moja mbele na moja nyuma, akazinyoa kingo kwa kisu cha nusu mwezi mpaka zikawa nyembamba kama jani, ili unene ushuke polepole badala ya kukatika. Kila ubawa akautoboa tundu la kupitishia mkanda, ili mkanda ukifungwa uivute ala yote ndani, ishike nyonga. Mdomo akauinamisha mbele kwa kipimo kile kile alichokitafuta mbele ya mkewe. Saa tano na nusu ngozi ilikuwa dirishani. Upepo uliitikisa kama bendera. Saa tisa alikuwa anakaza uzi wa mwisho, nta ikiwa bado na joto mikononi.

Ghalani palijaa watu waliokuja na alizeti kutoka vijijini. Jayantilal aliipokea ala, akaingia nayo ofisini, akakaa kidogo, akatoka na shati lake la mikono mifupi likiwa nje ya suruali. Bhargav aliegemea mlango. Lalita alikuwa kwenye kiti chake karibu na lango, na macho hayakumtoka mumewe. Abdulazizi alisimama penye magunia, mikono nyuma.

Gunia la kwanza likapandishwa. Jayantilal akainama, akasoma, akainuka. La pili. La tatu lilikuwa la Martha, mama wa Mgori mwenye mdomo mwepesi, aliyemuuzia alizeti kila mwaka. Jayantilal aliinama muda mrefu kwa sababu mshale ulikuwa unacheza.

"Mzee Jayanti," Martha alipaza sauti, "leo kile chuma chako umemwachia nani nyumbani?"

Watu wakacheka.

"Chuma gani, mama?" aliuliza Jayantilal akiwa bado ameinama.

"Kile kilichokuwa kinatunyooshea kiwiko kila ukisoma mizani. Afadhali umekiacha, tutazame kilo kwa amani."

Jayantilal alicheka mpaka akashika gunia. Lalita aliinuka, akapita nyuma ya mumewe polepole kama anayekagua nguo dukani, akaenda mpaka alipokuwa fundi.

"Mashati yake nayapiga pasi mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Kila mkunjo naujua. Fundi, sioni."

Abdulazizi aliitika kwa kichwa.

Wa mwisho kumjia alikuwa Bhargav. Alikuwa ametazama kwa makini muda wote, na sasa alinong'ona kama mwanafunzi anayemwomba mwenzake jibu. "Fundi, iko upande gani?"

"Muulize baba yako. Na ile simu ya Dar?"

"Simu ipi?" alisema Bhargav, akaenda kusaidia kupakua.

Abdulazizi alirudi nyumbani kwa njia ndefu, ile inayopita mbele ya maduka ya mitumba, na viatu vyote vile vilivyoning'inia havikumtia uchungu hata kidogo. Alitembea kifua mbele. Saada alimwona kwa mbali akajua, akampakulia chakula bila kumuuliza.

Kesho yake, Ijumaa, hakuanzia karakana. Alipitia gereji ya Lazaro, fundi vyuma, akamwomba amkunjie chuma chembamba chenye taya mbili, moja tuli na moja ya kusogea, cha kupimia unene peke yake. Lazaro alikimaliza kabla chai haijapoa. Abdulazizi akakijaribu kwenye mlango wa gereji, kwenye kikombe, na kwenye kidole gumba cha Lazaro, huku mwenye kidole akilalamika kwamba na yeye ana kazi.