Pumzi za Afande Opio

Siku ile ya Mbale nitakufa nayo, mwanangu, kwa hiyo weka hiyo simu chini kidogo unisikilize.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa askari magereza kijana pale Jinja, chini ya sajini mmoja, Afande Opio. Mkali huyo! Kila asubuhi kwenye mchakamchaka lazima atusimamishe njiani amgombeze mtu. Leo kifungo cha shati, kesho kiatu. Tulimchukia, sikufichi. Lakini mimi niliyekimbia nyuma yake nilianza kusikia kitu. Kabla ya kila "Simama!" pumzi zake zilipanda zikawa nzito, zikashuka mpaka ukadhani ameacha kupumua, kisha zikapanda tena. Kumbe alikuwa anatugombeza ili apumzike.

Miguu ikaanza kumvimba. Mkuu wetu akamtuma Mbale kwa daktari wa moyo, mimi nimsindikize. Ndani ya teksi akaninong'oneza, "Kijana, daktari lazima aseme mimi iko mzima. Nikitolewa kazini, nyumba ya serikali imeenda. Watoto watalala wapi? Wewe funga mdomo."

Daktari alitaka atembee haraka barazani, aende na kurudi, huku yeye akitazama anavyopumua. Afande akaanza vizuri, kifua mbele. Mara pumzi zikapanda. Papo hapo akanigeukia: "Wewe! Kiatu gani hii? Unakuja mbele ya daktari na kiatu chafu?" Akanigombeza hadi pumzi zikatulia, kisha akaendelea. Daktari akacheka. "Huyu askari kweli," akasema. "Sioni shida kubwa."

Kumpinga mkubwa enzi zile ilikuwa kujitafutia balaa. Lakini akilini nilishamwona akianguka kesho yake barabarani mbele yetu, nikashindwa kuvumilia.

"Daktari," nikasema, "mwambie atembee tena, bila kuongea."

Afande alinikazia macho, nikaangalia chini. Akatembea. Weee, kimya kile! Tulisikia pumzi zake tu: zinapanda, zinashuka, zinapotea, halafu zinarudi kwa nguvu. Akashika ukuta. Daktari hakucheka tena. Alisema moyo umechoka kusukuma damu, dawa zianze siku hiyohiyo, na habari ya kukimbia imekwisha.

Tukirudi tulipita Busiu, tukapita Tororo, yeye amegeukia dirisha. Tulipofika mlangoni kwake Jinja, sauti yake ilikuwa ndogo. "Ingia wewe umwambie mama watoto. Mimi siwezi."

Nilimweleza yule mama nikidhani atapiga yowe. Akakaa chini tu.

"Najua," akasema. "Usiku anaacha kupumua, mimi naamka nangojea ingine. Niliogopa kumuuliza, atanifokea."

Afande alisikia yote pale mlangoni. Akavua kofia, akalia mbele yetu.

Hakufukuzwa. Walimpa kazi ya kutunza stoo ya sare, nyumba akabaki nayo, na alikaa hapo miaka mingi, watoto wakakua.

Mwanangu, sisi tuliomwogopa na yule aliyempenda, wote tulikuwa tumenyamaza. Ukisikia mtu wako anapumua vibaya, sema, hata akikufokea mbele za watu. Na wewe ukichoka, sema umechoka. Mungu akupe kifua chepesi, na akikulaza, akuwekee karibu mtu asiyeogopa kukuamsha.