Kompyuta imefuta mvua ambayo ingemtetea jirani yetu

"Picha ya mvua iliyokwisha kunyesha ni takataka." Maneno ya kaka yangu hayo, nami nayapinga mbele yenu wote. Takataka gani hiyo, ambayo ikikosekana mtu anafukuzwa kwake?

Admin, nifichie jina. Mimi ni mama wa miaka hamsini na moja, mwalimu, mzaliwa wa Rudewa, nimeolewa Mikumi. Nimezoea kugombana na wakubwa. Safari hii nagombana na mtu niliyezaliwa naye tumbo moja.

Kaka anatunza kompyuta ya kikundi cha wakulima pale Kilosa mjini. Inapokea picha za rada, zile zinazoonyesha mvua iko wapi, ili wakulima waonywe mapema. Nafasi ni ndogo, kwa hiyo ameipanga ijifutie yenyewe kila picha iliyozidi mwezi. Hilo silipingi. Ikijaa, mvua mpya hatutaiona.

Masika haya maji yalibomoa tuta la kijito, yakalala kwenye mahindi yetu. Rudewa hapakuwa na mvua. Basi wakulima wakamgeukia mzee mfugaji tunayepakana naye: eti ng'ombe wake ndio waliokanyaga tuta. Uongo! Asubuhi ile ya mafuriko nilikuwa ofisini kwa kaka. Alifungua picha za usiku, milima ya magharibi, kijito kinakotoka, ikawa nyekundu tupu. Akapiga mluzi. "Dada, huko juu mbingu imepasuka!" Wenzake waliokuwa wanakunywa chai wakasogea kutazama.

Kikao cha kumhamisha mzee kilipotangazwa, nilimpigia kaka nikamwambia azitunze zile picha.

"Ondoa shaka. Nimeziweka kwenye folda yake, nimeiandika USIFUTE."

Kumbe folda yenyewe kaiweka ndani ya ile ile inayosafishwa! Mashine haijali umeandika nini, inaangalia tarehe tu. Zote zimekwenda.

Nikamfuata nyumbani kwake Magomeni, pale pale Kilosa. "Basi simama kikaoni useme ulichokiona."

"Bila picha? Watasema wafugaji wamenihonga."

"Na ukinyamaza?"

"Dada, mahindi yale ni yetu sote. Au siku hizi unachunga?"

Mkewe akadakia, "Wifi, wewe utarudi zako Mikumi. Sisi ndio tutakaobaki na hawa watu."

Juzi nimekutana na mzee yule sokoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akauliza, "Mwalimu, ile picha uliyoniahidi imepatikana?" Tangu hapo nikikaa nasimama, nikisimama natoka nje.

Niambieni ndugu zangu. Nikisema mimi, namwaibisha kaka mbele ya kata nzima, na mama yetu bado yu hai. Nikinyamaza, mzee anahama na wajukuu wake kwa kosa la mvua.

Lakini ninyi mliokuwa mnakunywa chai ofisini asubuhi ile, kwenu sitaki ushauri. Mliiona ile milima. Kikao ni Alhamisi. Njooni mseme.