Anayesimama Hana Paja

Watu husema uzee unaingia. Wangu haukuingia, ulimwagwa kama kreti ya nyanya: hii imeiva, hii bado kijani, ile ya chini imeshaanza kutoa maji, na zote zilichumwa siku moja. Nywele zangu ni nyeusi na sipaki rangi. Meno ninayo yote. Nimeyahesabu kwa ulimi, kisha kwa kidole, maana ulimi hupenda kujisifu. Goti la kushoto ni la msichana. La kulia ndilo lililoamua kutangulia kaburini, na halikuniuliza.

Kanisani, siku hizi wenzangu wakipiga magoti mimi nasali nimekaa. Mungu hajalalamika. Waliolalamika ni wenzangu wa biashara.

Nauza makoti ya mitumba sokoni Kangemi. Belo moja, robota zima la makoti lililokazwa kwa kamba, ni zito kwa mfuko wa mtu mmoja, kwa hivyo tunachanga watatu: mimi, mama mmoja wa Machakos ambaye kazi yake ni kukata kamba kwa kisu, na msichana niliyemfundisha biashara hii mwenyewe, kosa ambalo silirudii. Belo hufunguliwa asubuhi juu ya turubai. Sheria ni moja: kilicho pajani ni chako. Kamba ikikatika unachuchumaa, unavuta, unaweka pajani, na hakuna wa kukigusa. Makoti mazuri, yale tunayoita kamera, huisha kabla hujakohoa. Yanayobaki ni fagia, na jina linajieleza.

Sheria hiyo niliileta mimi, enzi za magoti mawili. Mikono yangu ilikuwa na kasi, na bado iko. Najua sufu na nailoni kwa ncha ya kidole. Ni bahati, kwa sababu macho nayo yameanza vituko: kifungo kilichokatika kwenye koti la askari ng'ambo ya barabara nakiona, doa lililo mkononi mwangu silioni.

Wakati wa baridi mwaka huu kamba ilikatwa, wenzangu wakashuka chini, mimi nikabaki juu kama mlingoti. Nikainama kiunoni, nikavuta koti la sufu, zito, la kijivu, nikalikumbatia. Msichana akalichomoa bila kuniangalia.

"Hilo ni langu," nikamwambia.

"Liko paja gani, shosh?"

Shosh, kama bibi kizee. Juzi tu nilikuwa mathe, mama wa watu. Nikaangalia chini, nikaangalia tena. Kweli, anayesimama hana paja. Nikarudi kwa kibanda na fagia: zipu mbovu, makwapa yaliyochakaa, koti moja la mtu aliyekuwa na mkono mmoja mrefu.

Siku hiyohiyo akaja mteja wangu mmoja wa Lavington, mwanamke wa rika langu, akanikuta nalisugua goti. "Mwili ni vile unavyoutunza," akanishauri. Yeye hutembea kila asubuhi kwa afya yake. Mimi hutembea kutoka Kabiria kila asubuhi, na jioni narudi. Sijui matembezi yangu huitwaje. Nilimwongezea bei na hakujua.

Belo lililofuata nilikuja na stuli fupi kwapani.

"Hiyo ni ya nini?" msichana akauliza.

"Ni ya paja."

Mama wa kisu akacheka. Msichana hakucheka. "Sheria ni kuchuchumaa. Shosh, wewe kaa huko nyuma, tutakutolea zako."

"Mtanitolea. Kama paka."

"Sijasema hivyo."

"Sheria inasema paja. Haisemi mtu akae juu ya nini."

"Lakini ndivyo tumekuwa tukifanya."

"Kwa sababu hakukuwa na stuli."

Akamwashiria mwenzake akate. Nami nikafanya kitu ambacho sijafunzwa na mtu: nikajikalisha juu ya belo lenyewe, kamba zote chini yangu. Makalio yangu, nashukuru, hayajapoteza hata kilo. Ni sehemu ya mwili isiyojua kwamba miaka imepita.

"Dada, shuka," akasema mama wa kisu. "Wateja watatukuta."

"Nikate pamoja na kamba."

Tukabishana hapo mpaka wauza mboga wakaanza kutuangalia. Wakataka niketi nje ya turubai; nikakataa. Wakataka nianze kuvuta baada yao. Nikawauliza kama mchango wangu nao ulikuja baada ya wao. Mwishowe msichana akapumua kwa pua. "Sawa. Stuli ikae ukingoni. Na usiisukume mbele kamba ikikatika."

"Sisukumi."

"Haya basi, toka."

Goti likakataa. Lilikuwa limejifunga, na mimi juu ya belo, mshindi.

"Hebu turudie," nikasema. "Stuli iko ukingoni ndani ama nje?"

"Ndani. Si tumemaliza hiyo?"

"Na miguu yangu?"

"Miguu ni yako, weka popote."

"Miguu yote miwili?"

Mama wa kisu akawa anaukagua ukali wa kisu chake. Msichana akaangalia goti langu, ambalo nilikuwa nimelifunika kwa kiganja bila kujua. Akanyoosha mkono. Nilikuwa nangoja aseme shosh, nipate sababu ya kuukataa. Hakusema.

Nikaushika. Asante sikuitoa. Nikakaa kwenye stuli yangu, nikapanga mapaja, la kulia na la kushoto, hasira bado iko palepale.

"Kata," nikasema.