Ua la Nyuma ya Jiko

Zubery alikuwa fundi cherehani Ujiji kwa miaka arobaini, na kwa miaka kumi ya mwisho alikuwa na kazi ya pili ambayo hakuna aliyemtuma: kutafuta ua la jeraniamu ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliona.

Ilianzia Kalinzi. Alipanda huko milimani kuwapima wanafunzi sare, akakuta uani kwa watawa wenye shule maua mawili ya jeraniamu ndani ya ndoo zilizotoboka. Moja lilikuwa jekundu, na jani lake lilikuwa na duara jeusi kama bangili. Jingine lilikuwa jeupe, jani lake kijani tupu. Mtunza bustani akamkatia kijiti cha kila ua, akamwonya kwamba Ujiji kuna joto, maua yatamsumbua. Zubery akavifunga vijiti kwenye kitambaa kibichi. Njia nzima ya kurudi aliwaza jambo moja: ua la rangi ya samli juu ya jani lenye bangili.

Kazi yenyewe aliijua kwa kukosea. Aligundua kwamba unga wa jeraniamu, yaani chavua, hukomaa kabla kile kijiti cha katikati ya ua hakijafunguka vidole vyake vitano. Kwa hiyo, ili ua lisijichavushe lenyewe, alikata vifuko vya unga kwa mkasi wa nyuzi ua likiwa bado changa, akasubiri siku mbili tatu, kisha akapaka unga wa ua jingine kwa ncha ya uzi aliyoichambua. Juu yake alifunga kipande cha shela, wadudu wasiingie. Mbegu zilipokauka alizipanda, akangoja miezi mitano, sita, mpaka mche utoe ua. Katika miche ishirini, kumi na tisa ilikuwa ya kawaida kabisa, na wa ishirini ulikuwa dhaifu. Masika yaliozesha mizizi, kiangazi kikababua majani. Alianza upya mara nyingi mno.

Maji aliyabeba Yusra, mkewe. Bomba la mtaa lilikuwa likikatika siku nzima, naye alitoka na ndoo mbili kwenda kwa jirani mwenye kisima. Hakulalamika. Ila jioni alikaa mkekani, akanyoosha miguu, na kusema bila kumwangalia mtu kwamba amechoka.

Mwaka wa sita macho ya Zubery yakaingia ukungu. Alidhani ni uzee. Akaacha kushona nguo nyeusi, baadaye akashindwa kutunga uzi kwenye sindano, lakini maua hakuyaacha. Na mwaka wa saba mche mmoja ukatoa kile alichokuwa akikitafuta. Ua la samli, jani lenye bangili. Aliuzidisha kwa vijiti mpaka makopo yakawa kumi na moja barazani. Watu wa mtaani walipopita aliwaita waje watazame, nao walitazama, wakasema ni zuri, wakaenda zao.

Miche mingine ya mwaka ule aliamuru itupwe. Mmoja aliushika kwa muda. Ua lake aliliona kama nguo iliyofuliwa kwa maji ya matope.

"Huu nao tupa," alimwambia mkewe. "Umechafuka."

"Mimi naona mzuri, Baba Ashraf."

"Tupa."

Yusra akauchukua, naye Zubery hakuuliza aliupeleka wapi.

Mwaka jana binti yao Yasmini, anayefundisha Kidahwe, alikuja likizo akamkuta baba yake akimimina chai nje ya kikombe. Hakubishana naye. Alimpeleka kwa daktari wa macho, wakaambiwa ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Upasuaji ulianza na la kulia. Kitambaa kilipoondolewa kesho yake, nesi akamuuliza anaonaje. Zubery alijibu kwamba shuka za hapo ni nyeupe mno, zinamwumiza. Nesi akamweleza kwamba mtoto wa jicho huleta umanjano polepole machoni, miaka kwa miaka, na mwenyewe asitambue. Asiwe na wasiwasi, atazoea.

Wakarudi Ujiji. Nyumbani hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja barazani, akainamia makopo kumi na moja.

Ua lilikuwa jeupe. Jeupe kama chaki, jeupe lile lile la kwa watawa. Bangili ya jani ilikuwepo, lakini hafifu, kama doa la chai lililofuliwa mara nyingi. Alifumba jicho la kulia akatazama kwa la kushoto, ambalo halijatibiwa: samli ikarudi. Akafumba la kushoto: chaki. Kisha akakaa chini. Yasmini akamuuliza kama jicho linauma, akasema haliumi.

Yusra alizunguka nyuma ya jiko, akarudi amekumbatia sufuria kuukuu. Ndani yake mlikuwa na mche mnene, umetanda. Majani yalikuwa ya manjano ya limau, na katikati ya kila jani duara la rangi ya shaba. Maua yalikuwa waridi hafifu, na chini ya kila petali palikuwa na mchirizi mwekundu, kama hina iliyopakwa kwa njiti.

"Ni ule uliosema nitupe," alisema.

Zubery alifumba jicho la kushoto, akautazama.

"Ulikuwa unaupa nini?"

"Maji ya kuoshea mchele. Siku nikichoka, haukupata hata hayo."

"Miaka mitatu, Mama Ashraf. Hukuniambia."

"Ungesema tupa tena. Na mimi sikuwa na nguvu za kubishana."

Hakuweza kumkasirikia. Alijaribu kukumbuka wazazi wa mche ule ni maua gani, akashindwa, maana hakuwahi kuandika popote. Kuupata tena kwa mbegu haikuwezekana. Alikata vijiti sita, akavipanda kwenye mchanga wa ziwani uliooshwa. Vinne vilioza kwenye mvua za Novemba, viwili vikashika. Kimoja Yasmini alikwenda nacho Kidahwe.

Jicho la kushoto limepangiwa baada ya Ramadhani. Juzi, baada ya chakula cha mchana, Yusra alimuuliza kama akishapona macho yote ataanza tena kupandisha maua. Zubery akasema hapana. Mche unataka miaka, na yeye ana sabini na mitatu.

"Afadhali," alisema Yusra. Akajifunika kanga, akajilaza mkekani.