Vitisho Nilivyovifunika Mbele ya Wakwe

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mikro, yaani kipaza sauti, iliyozungushiwa utepe mweusi na kiti kisicho na mgongo. Nilikuwa nimefundisha shule ya msingi kwa miaka kadhaa hapa hapa Kalemie, nikadhani kutafsiri filamu ni kama kusomea watoto imla. Sale yetu, yaani ukumbi wa sinema, ilikuwa karibu na stesheni, na wengi waliokuja walikuwa watoto na wajukuu wa watu wa reli na wa bandari, kama mimi. Filamu zilizungumza Kifaransa, tena cha mitaani, cha haraka. Kazi yangu ilikuwa kuketi kando ya kitambaa cheupe na kuzisema kwa Kiswahili, mimi mmoja kwa niaba ya wote: mume, mke, polisi, mwizi, hata bibi kizee. Kazi hiyo tuliiita komanteri.

Siku ile nilizungumza mno. Bunduki ililia, nikasema imelia. Mlango ulifunguka, nikasema umefunguka. Shefu wa Programu, mzee mwembamba aliyenipokea, aliniacha nimalize, kisha akaniita bironi, ofisini kwake.

"Mama Feza," akasema, "watu wako na macho. Bunduki haina lazima ya mufasiri."

Basi akanifundisha. Nikitaka kusema, niinue kidole, na fundi wa sauti atapunguza sauti ya filamu. Nisimtangulie mchezaji hata kama nimeshajua atakalosema. Na jambo kubwa kuliko yote lilikuwa kufunika. Ndani ya sale ile alikaa baba mkwe, na benchi la pili kutoka kwake alikaa mume wa binti yake. Kwetu mtu hawezi kusikia tusi la mwilini, la kutaja sehemu za siri, akiwa karibu na mama mkwe wake. Akilisikia, atainuka, ataondoka, na Jumamosi ijayo hutamwona yeye wala jamaa zake. Kwa hiyo mfasiri alilifunika: tusi la kumtaja mama wa mtu liligeuka "mupumbafu wewe", na mengine yaligeuka "rafiki yangu". Mimi nilikuwa hodari wa kufunika. Nilikuwa nalifunika tusi mara tu linapotoka kinywani mwa mwenyewe, na wakwe walinishukuru mlangoni.

Baada ya hapo nilitumwa safari. Tulikwenda Mpala kwa mtumbwi wa injini, tumebeba projekteri na grupu, yaani jenereta, imefunikwa turubai isilowe. Tulipanda milimani hadi Pepa, kwa wachunga ng'ombe, ambako filamu nzima ya mapenzi ilihukumiwa kwa kosa moja: kijana aliacha ng'ombe wa baba yake kondeni akaenda kumfuata msichana. Hakuna aliyejali kama walioana. Wazee waliuliza ng'ombe walirudi na nani.

Niliporudi mjini Shefu wa Programu alikuwa amestaafu, na Direkta mpya akanikabidhi pia deba. Hicho ni kikao cha maoni. Filamu ikiisha, mapazia ya madirisha yanafunguliwa, kwa kuwa tulionyesha saa tisa mchana, na watu wanabaki kusema walichokiona. Mimi naandika kila oni katika kaye, daftari la sale, kisha kabla watu hawajatoka nawasomea yote kwa sauti, ili kila mmoja asikie maneno yake na ayasahihishe kama nimekosea. Kutoka kaye ile nilitoa raporo, yaani ripoti, nikaitia sahihi, na Direkta akaitumia kuchagua filamu zitakazokwenda safari.

Sasa nifike kwenye filamu yenyewe. Ilikuwa ya majambazi wa mji mkubwa, imejaa damu kuliko zote tulizowahi kuonyesha. Mkubwa wao alivaa koti jeupe. Alikuwa akiingia katika duka la mtu, anakaa, anatabasamu, anadai kodi ya ulinzi. Mwenye duka mmoja alikataa. Jambazi alirudi mara ya pili, akarudi mara ya tatu, na mara ya tatu akampiga risasi mbele ya mkewe.

Maneno aliyomwambia yalikuwa mabaya, na kila sentensi ilibeba matusi mawili au matatu ya mwilini. Mimi nikafunika, kama nilivyozoea. Lakini nilipoyang'oa matusi niling'oa na vitisho vilivyoshikamana nayo. Jambazi alisema anaijua njia ambayo mtoto wa yule mtu hupita akitoka shule. Mimi nikasema, "Papa, tafazali, fikiria familia yako." Mara tatu nilimfanya aombe hivyo, kwa sauti ya upole, na nilijiona nimefanya kazi safi.

Deba ikaanza. Kijana mmoja akasema, "Ule shefu wa majambazi alikuwa na heshima. Aliomba mara tatu muzima."

Papa Mulongoyi, muuza vitenge wa sokoni, mtu mwenye kusikilizwa, akasimama. "Muuza duka njo alijiletea. Muntu anakuomba muzuri, wewe unakauka tu. Ubishi njo ulimuua." Njo yetu ni "ndio" ya kwenu.

Sale nzima ikapiga makofi. Nikaandika. Ndipo kutoka benchi la nyuma akainuka mama ambaye nilimjua kwa sura tu. Jina lake Mama Kiza. Alikuwa mkimbizi wa vita, alikaa Katanika kwenye kambi, na siku za Jumamosi alileta mboga za lengalenga mjini. Akimaliza kuuza aliingia kupumzisha miguu.

"Mama mufasiri," akasema, "mimi sijui Kifaransa. Niliangalia ule muntu uso. Muntu mwenye uso ile haombake. Mutoto wangu Sumaili alikuwa na kaduka kule kwetu. Watu wa bunduki walikuja kwake mara tatu, vilevile. Walipomuua, majirani walisema Sumaili alikuwa mubishi, kama angejibu muzuri wangemuacha. Leo nasikia sale muzima inasema vile tena. Nakuuliza tu: ule muntu aliomba kweli, ao njo wewe ulimupatia maneno ya kuomba?"

Nilikuwa na mikro mkononi. Nilisema, "Tuendelee na maoni ingine." Hiyo ndiyo aibu yangu, na ninaiandika hapa kwa sababu imenikaa moyoni miaka yote hii. Mwisho nilisoma kaye, nikasoma na maneno yake, yeye akaitikia kwa kichwa, akabeba beseni lake tupu akaondoka.

Usiku nilijaribu kujitetea. Nilijiambia nimefuata desturi. Lakini desturi ilikuwa kufunika tusi ili wakwe waheshimiane. Hakuna aliyenituma kumfunika muuaji. Kwa mdomo wangu mimi, watu mia moja walikuwa wamemhukumu aliyeuawa, na mama wa Sumaili akakaa pale akasikiliza.

Jumatatu niliingia bironi. Direkta alikuwa amekwisha kuipitia kaye, na amefurahi.

"Mama Feza, deba ilipita muzuri. Tunapeleka filamu Mpala, Pepa, na Katanika. Andika raporo. Ila maneno ya ule mama uiache, haihusu filamu."

"Inahusu, Papa Direkta. Katika kaye muzima njo ile tu ni ya kweli. Wengine wote walitoa maoni juu ya filamu yangu mimi, hawakuona ile ingine."

Nikamweleza nilichofanya. Alisikiliza, akavua miwani.

"Sasa unataka niambie watu kama mufasiri wetu aliwadanganya?"

"Nitawaambia mimi mwenyewe. Tuionyeshe tena Jumamosi, na nitasema yote."

"Na wakwe?"

"Wakwe watakaa mbali mbali."

Akaweka kiganja juu ya dosie, yaani faili, iliyokuwa mezani. Ilikuwa yangu, ya matrikule, yaani namba ya mfanyakazi wa kudumu. Nilikuwa nimeingojea tangu nianze kazi, na wote mjini walijua naingojea. "Mama, hii iko karibu kupanda kwa wakubwa," akasema. "Usijiharibie."

"Naiona, Papa Direkta. Lakini raporo hii sitaitia sahihi."

Bila sahihi ya mfasiri raporo haikuwa raporo, na filamu isingesafiri. Akavaa tena miwani. Mwishoni akasema nifanye nitakavyo, ila watoto wasiingie, na lawama zote ziwe zangu. Nikakubali yote mawili.

Alhamisi nilikwenda Katanika kumwalika Mama Kiza. Nilimkuta akichambua mboga mbele ya nyumba yake ya turubai. Nilimwambia wazi: jambazi hakuomba, ni mimi niliyempa maneno. Nikamwomba msamaha. Hakuacha kuchambua.

"Nilijua," akasema. "Jumamosi nitakuja. Lakini usilie ndani ya mikro. Ukilia, watakuangalia wewe."

Jumamosi sale ilijaa kupita siku zote. Habari ilikuwa imetangulia. Nilisimama mbele nikawaambia nilivyowapotosha, kisha nikasema, "Leo sifunike kitu. Wakwe waachane." Basi ikawa vurugu ya dakika kumi. Waume wa mabinti walihamia kushoto, baba wakwe na mama wakwe kulia, watu wanaulizana nani kaoa kwa nani, na mzee mmoja aliyekuta ana wakwe pande zote mbili akaamua kwenda zake nyumbani. Watu walicheka mpaka fundi wa sauti akashindwa kuanza. Mama Kiza alikaa mbele kabisa.

Jambazi akaingia dukani, akakaa, akatabasamu. Nikainua kidole. Nikasema yote, matusi na kila kitu, na baada ya matusi nikasema, "Najua njia mutoto wako anapitaka akitoka masomo. Kesho hatafika nyumbani." Nikakumbuka nilichoagizwa Katanika, nikasema bila kulia. Mara ya pili nikasema, mara ya tatu nikasema. Risasi ilipolia hakuna aliyepiga mluzi kama juma lililotangulia.

Msidhani deba ilikuwa tamu. Kijana yule yule alisema, "Hata hivi anavaa muzuri, Mama, tusikatae," na wenzake wakacheka. Mama mmoja wa kanisa alinigombeza kwamba nimechafua masikio yake na sale haitamwona tena. Niliandika yote mawili.

Kisha Papa Mulongoyi akasimama, akakaa, akasimama tena. "Mimi nilisema ubishi njo ulimuua. Ile maneno naiondoa. Sikujua aliambiwa nini. Na mimi niko na duka, na niko na watoto. Wangeniambia vile, sijui ningejibu nini." Akageuka kwa Mama Kiza. "Mama, unisamehe."

Mama Kiza aligeukia upande wangu. Aliniangalia mimi na kalamu yangu.

"Andika," akasema. "Sumaili hakuwa mubishi. Aliogopa, na hakukuwa jibu muzuri ya kuwapa."

Niliandika. Nilipofika kusoma kaye nikasoma maneno yake kwa sauti.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena. Akaitikia kwa kichwa, akajifunga kitenge chake vizuri, akatoka kabla ya wengine.

Raporo niliitia sahihi, maneno ya Mama Kiza yakiwa ndani, na filamu ikasafiri na vitisho vyake vyote, na watoto hawakuingia. Dosie yangu haikupanda. Direkta hakuwahi kunitamkia neno baya juu ya jambo lile, lakini majina ya wenzangu yalipanda na langu likabaki mezani mpaka yeye mwenyewe akahamishwa. Iliniuma, sitajifanya haikuniuma. Kwa miaka iliyobaki niliendelea kufunika matusi ya mwilini, kwa kuwa mkwe ni mkwe. Vitisho sikuvifunika tena. Muuaji alipotisha nilitisha, na watu walikasirika wakitaka, wakarudi wakitaka.

Nilistaafu kwa chupa ya limonadi, kupeana mikono, na hotuba fupi ya Direkta aliyefuata. Sasa naona vijana wanatafsiri filamu kwa simu, kila mtaa una mfasiri wake, na wengine wananijia kuniuliza siri ya kazi. Wanataka kujua namna ya kubadili sauti. Mimi nawauliza kwanza wamempa nani maneno ambayo si yake, na wengi wanaona nimezeeka vibaya.

Siku ya kuondoka niliombwa nirudishe vifaa vyote vya sale. Nilirudisha mikro, ufunguo na kaye zote, isipokuwa moja. Wameiulizia mara mbili. Wakiniita mara ya tatu nitakwenda nayo hadi bironi, nitawasomea ukurasa wa Mama Kiza wakiwa wamekaa, halafu nitairudisha nyumbani kwangu.